Bahasha Namba 347: Uchambuzi wa Kisa cha Ushirika wa Kanisa na Msiba Mmoja wa Chamwino

Kisa hiki kilitokea katika usharika (kanisa la mahali) mmoja wa mapokeo ya Kilutheri pembezoni mwa jiji la Dodoma. Majina yameondolewa, na namba ya bahasha pamoja na vitu vingine vichache vinavyoweza kumtambulisha mtu vimebadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, makatibu na watunza hazina, yaani watu ambao siku moja watapigiwa simu alfajiri na kuulizwa: "Huyu ni wetu au si wetu?"

Usuli

Usharika wenyewe ulianza kama mtaa, yaani tawi, wa usharika mwingine. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, viwanja vikapimwa na nyumba zikaota mahali palipokuwa mashamba ya mtama. Watumishi wakaja kutoka Dar es Salaam, Kilimanjaro, Iringa na Kagera. Ibada moja ya Jumapili ikawa mbili. Wakati wa tukio rejista ilikuwa na majina 612, na chini ya usharika kulikuwa na mitaa mitatu. Mmoja wa mitaa hiyo uko kijijini, wilaya ya Chamwino, kilomita 27 kutoka kanisa kubwa, kwa barabara ya vumbi yenye makorongo mawili ambayo mvua ikikolea hayapitiki.

Kwa hiyo watu wa aina mbili za kipato walikuwa chini ya paa moja. Mtumishi hupokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Mkulima wa Chamwino hupata mara moja kwa mwaka, kati ya Mei na Julai, ikiwa mvua zilizoanza Desemba hazikukatika Februari mtama ukiwa unachanua. Mtumishi hutoa kila Jumapili. Mkulima hutoa debe, au kuku, au mbuzi mwaka ukiwa mzuri, na vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada.

Mwaka 2018 baraza la wazee, lenye wajumbe 16, lilianzisha bahasha zenye namba. Kila msharika alipewa bahasha 52 za mwaka na kadi ya ahadi ya ujenzi. Kabla ya hapo sadaka zilihesabiwa kwa ujumla tu na malalamiko hayakuisha. Mtunza hazina, mtumishi mstaafu na mtu mwaminifu, alinyoosha vitabu hadi wakaguzi wakakosa hoja. Hili lisemwe mapema: aliyeharibu hapa hakuwa mwizi.

Mwaka 2019 baraza likapitisha azimio lenye vipengele vitatu. Asiyeonekana kwenye bahasha kwa miezi sita ahesabiwe kuwa si msharika hai. Anayehitaji ndoa, ubatizo wa mtoto au mazishi aanzie kwa mtunza hazina. Orodha ya matoleo ibandikwe ubaoni kila robo mwaka, majina na viwango. Katiba ya kanisa ilimtambua msharika kwa ubatizo, kipaimara au kupokelewa kwa barua, kushiriki ibada na Meza ya Bwana, na utoaji. Azimio lilichukua la mwisho peke yake, na hakuna mjumbe aliyeziweka karatasi hizo mbili mezani pamoja.

Mhusika wa kisa ni mama mjane wa miaka 61. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara na akafunga ndoa katika mtaa ule wa kijijini. Alilima ekari tatu za mtama, karanga na alizeti kidogo, na alikuwa mwanakikundi wa wanawake. Bahasha yake ilikuwa namba 347. Katikati ya mwaka 2020 alikwenda Kongwa kumuuguza mama yake mzazi, akakaa huko miezi 14 hadi alipomzika. Hakuchukua barua ya utambulisho, na hakuna aliyemwambia kwamba inahitajika. Aliporudi alikuta jina lake limehamishiwa kwenye orodha ya wasio hai na bahasha mpya hazikuletwa. Hakuuliza. Aliendelea kwenda jumuiya, yaani kikundi cha sala cha majirani, kila Jumamosi na kanisani kila Jumapili, na wakati wa mavuno alipeleka karanga.

Mfuatano wa matukio

Alifariki Jumatatu usiku mwezi Machi 2024, katika hospitali moja mjini. Jumanne saa 2 asubuhi mwanawe wa kwanza, akiwa na kibali cha mazishi mfukoni, alikwenda kwa mzee wa mtaa. Mzee akampa pole, akaandika kikaratasi, akamwelekeza ofisi ya usharika.

Saa 4 mtunza hazina alifungua daftari. Namba 347 haikuwa na ingizo tangu Juni 2020. Akapiga hesabu mbele ya kijana: wiki 195 kwa kiwango cha chini cha shilingi 500, jumla 97,500. Ahadi ya ujenzi ya 120,000 ilikuwa imelipwa 45,000, imebaki 75,000. Deni lote ni 172,500. Likikamilishwa, alisema, kengele itagonga, mwili utaingia kanisani na kwaya itakuja. Wiki 195 zilijumuisha miezi 14 ya Kongwa.

Kijana akarudi nyumbani. Chini ya turubai kamati ya msiba ilikuwa imeanza kupokea rambirambi. Wakatoa humo 172,500, fedha iliyokusudiwa jeneza na chakula cha wachimba kaburi, maana udongo wa pale chini ya futi tatu ni mgumu kama tofali na hauchimbwi kwa njaa. Saa 9 alasiri ikaandikwa stakabadhi. Ilikuwa na jina la marehemu kama mtoaji, na tarehe ya siku iliyofuata kifo chake.

Saa 12 jioni mwinjilisti wa mtaa aliposikia, alimpigia mchungaji, aliyekuwa kwenye semina Morogoro. Alimweleza mambo mawili: kwamba fedha imepokelewa msibani, na kwamba tangu arudi Kongwa mama huyu hakukosa jumuiya isipokuwa alipougua. Mchungaji akawapigia wazee wanne. Maongezi yao yalidumu hadi saa 4 usiku.

Jumatano asubuhi familia ilipewa uamuzi. Fedha itarudishwa, kwa sababu kanisa haliuzi mazishi. Lakini kwa kuwa hali ya ushirika wa marehemu haijathibitishwa, mwili hautaingia kanisani. Mwinjilisti ataongoza ibada fupi nyumbani, bila kengele na bila kwaya.

Mazishi yalifanyika saa 9 alasiri. Kikundi cha wanawake kilikuja kikiwa na sare. Mzee wa mtaa akawakumbusha maagizo. Wakaenda nyuma ya nyumba, wakavua sare, wakarudi wamejifunga kanga, wakaimba hadi kaburi likajaa. Fedha ilirudishwa siku tisa baadaye, kwa simu, bila mtu kufika.

Uamuzi na sababu zake

Mchungaji na wazee wanne walikuwa na njia tatu mbele yao.

Ya kwanza ilikuwa kuacha mambo kama mtunza hazina alivyoyapanga: deni limelipwa, ibada kamili ifanyike. Waliikataa, na walikuwa sahihi. Stakabadhi ile ilisema kwamba mtu anaweza kufanywa msharika kwa fedha ya rambirambi akiwa mochwari.

Ya pili ilikuwa kurudisha fedha usiku uleule na kumzika kwa ibada kamili kwa ushahidi wa mwinjilisti. Waliiogopa kwa sababu moja. Miezi mitatu nyuma familia ya mtumishi mmoja mjini ilinyimwa ibada kanisani kwa azimio hilohilo. Wazee wawili waliuliza wale watasemaje wakisikia mkulima amepewa kilichokataliwa kwao. Hoja ya usawa ilikuwa ya kweli. Ila usawa huo ulikuwa wa kuwakosea wote sawasawa, na usiku ule hakuna aliyeuliza kama familia ya kwanza nayo ilistahili kunyimwa.

Ya tatu ilikuwa njia ya katikati, na ndiyo waliyoichukua. Kila mmoja katika simu ile alijiona amelinda kitu fulani: mmoja utaratibu, mwingine heshima ya kanisa, mwingine familia. Kwa familia ilikuwa mapigo mawili: kwanza waliombwa fedha, kisha walipotoa wakaambiwa bado hawatoshi.

Matokeo

Katika miezi miwili kaya 14 za mtaa ule zilianza kusali kwingine. Sadaka ya mavuno ya mwaka huo ilikuwa magunia 12, wakati mwaka uliotangulia yalikuwa 31, na mvua haikuwa mbaya kiasi cha kueleza pengo hilo.

Mjini mambo yalikwenda kinyume. Habari ilienea, na watu wakaja kusafisha madeni. Mapato ya bahasha ya robo ile yalipanda kwa karibu theluthi moja. Kwenye kikao cha Julai wazee kadhaa waliyasoma hayo kama ushahidi kwamba azimio linafanya kazi. Mwinjilisti aliomba nafasi, akaweka mezani daftari lake la kaunta la mtaa. Ndani mlikuwa na mahudhurio ya jumuiya ya miaka mitatu, na orodha ya vitu vilivyoletwa mnadani na walioleta.

Mwaka 2022 mama huyu alileta debe moja la karanga, likanadiwa 38,000. Mwaka 2023 alileta madebe mawili, yakanadiwa 71,000. Jumla 109,000, zaidi ya zile 97,500 alizodaiwa za bahasha. Lakini stakabadhi ya mnada huandikwa jina la anayelipa. Karanga zake zilinunuliwa na washarika wawili waliotoka mjini kwa ibada ya mavuno, na fedha ikaingia kwenye namba zao. Ubaoni robo ile walisomeka vizuri.

Kikao kiliahirishwa saa ileile. Wiki iliyofuata azimio la 2019 likafutwa.

Uchambuzi

*Rejista si kosa*

Baada ya kisa kama hiki wapo husema tuachane na orodha, Mungu anawajua walio wake. Hatukubaliani nao. Kanisa la kwanza liliandika watu. Barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, inaeleza mjane gani aandikwe na yupi asiandikwe, hadi umri wa miaka sitini unatajwa. Na Matendo 6 inaonyesha kwamba huduma inayosimamiwa kwa utaratibu inaweza kusahau watu: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakufuta mgawo. Walitaka wachaguliwe watu saba, na majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani. Kusanyiko lilikabidhi kazi kwa watu wenye majina ya upande uliokuwa unalia.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni rejista inapima nini. Ile ya 347 ilipima njia ambayo fedha ilipitia. Mtu aliyetoa kwa njia nyingine hakuonekana, na mtu aliyetoa kwa simu kutoka Dar es Salaam bila kukanyaga kanisani alionekana msharika hai. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 7, linasema kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili hufundishwa kwa usahihi na sakramenti hutolewa ipasavyo. Msharika ni mtu anayekutwa kwenye kusanyiko hilo. Kama daftari haliwezi kusema nani alikutwa, daftari hilo ni la hesabu, na libaki kwa mtunza hazina likifanya kazi yake nzuri.

*Agano lina pande mbili*

Siku ya kipaimara kijana huahidi kudumu katika imani na katika ushirika. Tunayaweka sana mawazo yetu kwenye ahadi yake. Lakini usharika nao umesimama pale, umejibu, umempokea. Paulo anawaandikia Wakorintho: "Na kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia nacho." Kiungo cha Chamwino kilikaa Kongwa miezi 14 kikiuguza na kuzika, na mwili haukusikia chochote. Katika wiki 195 zilizohesabiwa kwa ukamilifu wa shilingi na senti, idadi ya ziara za wazee nyumbani kwake ilikuwa sifuri. Hakuna aliyeiandika sifuri hiyo, kwa sababu fomu haikuwa na safu yake.

Hapa ndipo tunaona kiini cha kisa. Usharika unaotaka kumhoji msharika juu ya utimilifu wake uanze kuweka mezani rekodi ya utimilifu wake wenyewe: ulimtembelea lini, ulimkuta na nini, uliahidi nini, ulitimiza? Mathayo 18:15-17 ina hatua tatu kabla ya mtu kuhesabiwa kuwa wa nje: wewe na yeye peke yenu, kisha mashahidi wawili au watatu, kisha kanisa. Hatua zote tatu zinahitaji miguu. Kuhamisha jina kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ofisini ni kumtenga mtu bila hata hatua ya kwanza.

*Hoja ya mtunza hazina ilikuwa na uzito*

Ingekuwa dhuluma kumwachia lawama mtu mmoja. Aliona jambo ambalo wengi hawalitaki: wapo wanaofika kanisani siku ya harusi na siku ya msiba tu, wakitaka kengele, kwaya, viti 200 na mchungaji awahi. Mshahara wa mwinjilisti, umeme na bati vinalipwa na watu wengine. Utoaji ni sehemu ya kujitoa kwa msharika, na mkulima mwenye ng'ombe 40 asijifiche nyuma ya maneno "Mungu anaangalia moyo".

Kosa lilikuwa kuufanya utoaji ushahidi pekee na kuugeuza deni. Paulo anasema kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Kiwango cha chini cha shilingi 500 kilipozidishwa kwa wiki, sadaka ikawa kodi ya pango. Na kodi ya pango hulipwa na warithi, ndiyo maana familia haikushangaa hata kidogo ilipotajiwa deni. Walishangazwa na kiasi tu. Hilo lilitusikitisha kuliko stakabadhi yenyewe.

*Ibada ya mazishi ni ya nani*

Ibada ya mazishi si nishani ya marehemu. Ni tangazo la ufufuo kwa walio hai, wengi wao wakiwa watu wasiokuja kanisani siku nyingine. Mbatizwa aliyekufa katika imani anazikwa na kanisa. Anayetengwa ni yule aliyeikana imani hadharani au aliyefikishiwa hatua zote za nidhamu na akakataa, na hapo pia familia huhudumiwa. Shaka ikibaki usiku wa kuamkia mazishi, shaka hiyo impe marehemu nafasi, kwa sababu hawezi kuitwa kujieleza. Rejista ikikosea kwa aliye hai, hurekebishwa. Ikikosea kaburini, wanawake huvua sare.

*Ubao*

Kubandika majina na viwango lilikuwa tatizo peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu imani ya dini kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Karatasi inayoonyesha mtu anasali wapi na ametoa kiasi gani, ikipigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya simu, si jambo la ndani ya kanisa tena. Jumla ya mapato na matumizi ibandikwe, hiyo ni haki ya washarika. Kiwango cha mtu apewe mwenyewe kwenye kikaratasi kilichofungwa.

Kilichobadilishwa, na namna kilivyofanyika

Kuanzia Agosti hadi Desemba 2024 kamati ya watu tisa ilihakiki rejista. Watano walitoka mitaa ya vijijini, kwa mfano wa Matendo 6. Walilinganisha vitabu vinne: ubatizo, kipaimara, ndoa, na mahudhurio ya jumuiya. Kitabu cha bahasha kilifunguliwa mwisho, kwa makusudi.

Katika majina 612, marehemu walikuwa 23 na walioandikwa mara mbili 19. Waliohama bila barua walikuwa 88. Walibaki 482. Kati ya hao, 109 walihudhuria jumuiya bila kuonekana kwenye bahasha kwa mwaka mzima, na 34 walionekana kwenye bahasha ilhali hakuna jumuiya iliyowajua kwa sura. Nje ya orodha kabisa walikuwapo watu 147 waliosali pale zaidi ya miaka miwili, wengi wao watumishi ambao ushirika wao ulibaki Moshi, Bukoba au Dar es Salaam. Watu hao waliimba kwaya, walichangia ujenzi, na wangefiwa kesho wangeambiwa "wewe si wetu".

Utaratibu mpya ulianza Januari 2025.

Rejista ya kichungaji inakaa kwa katibu na wainjilisti, mbali na vitabu vya fedha. Mtunza hazina hatoi tena kibali cha huduma yoyote, na mwenyewe alisema ameshushiwa mzigo.

Msharika asipoonekana jumuiya wiki nne mfululizo, watu wawili humtembelea ndani ya siku 30. Fomu ina mistari mitatu: tulimkuta katika hali gani, anahitaji nini, tumeahidi nini na nani atatimiza. Mstari wa tatu ndio husahaulika, kwa hiyo fomu isiyo nao hurudishwa. Jina haliondolewi bila ziara tatu zenye tarehe na kikao cha baraza zima.

Stakabadhi ya mnada ina nafasi mbili, aliyeleta na aliyenunua. Aliyeleta huandikiwa thamani ya bei ya kuanzia, na mnunuzi huandikiwa nyongeza. Debe likianzia 25,000 na kufika 38,000, mkulima anaandikiwa 25,000 na mnunuzi 13,000. Kuna waliolalamika, lakini hesabu hii inaeleweka na kila mtu.

Barua ya anayehamia hutakiwa kufika ndani ya miezi mitatu. Akisubiri barua huandikwa kama mshiriki wa muda mwenye haki zote za kichungaji isipokuwa kupiga kura na kuchaguliwa. Katibu huandika mwenyewe kwa usharika wa zamani, kwa sababu ukimwachia mtu alete barua kutoka Bukoba, utaisubiri hadi Krismasi ya tatu. Anayeondoka kwa muda, kuuguza au kutafuta kibarua, hupewa barua ya utambulisho siku hiyohiyo, na jina lake hutajwa katika maombi ya jumuiya hadi arudi.

Wanaojiunga hupitia mafundisho ya wiki sita, saa moja na nusu kila mara: ubatizo na maana yake, Meza ya Bwana, maisha ya jumuiya, utoaji na jinsi fedha inavyotumika (vitabu hufunguliwa mbele yao), nidhamu na kurudi kundini, na mwisho agano lenyewe. Siku ya kupokelewa mgeni huahidi, kisha usharika husimama na kuahidi yake: kumjua kwa jina, kumtembelea, kumwonya kwa upendo, kumzika.

Yaliyokwama

Ziara zilifanyika vizuri mjini na zikafa kijijini kati ya Desemba na Machi. Wazee wenyewe walikuwa shambani, wanapalilia. Ratiba ya siku 30 ilitungwa na watu wa ofisini. Sasa kijijini ziara za msimu wa kilimo hufanywa hukohuko shambani, asubuhi kabla jua halijawa kali, na mtembelezi huenda na jembe. Zimeongezeka.

Wale 34 wa bahasha bila sura bado ni tatizo. Tisa walijibu wakajiunga na jumuiya za huko waliko. Waliobaki wanaendelea kutuma fedha kwa simu, na baraza halijaamua kuwaambia nini. Maoni yetu ni kwamba waandikiwe barua yenye shukrani na swali moja: nani huko uliko atajua ukiugua?

Mapato ya bahasha yalishuka miezi minne ya kwanza azimio lilipofutwa. Waliolipa kwa hofu waliacha. Yalirudi taratibu baada ya vitabu kufunguliwa kwenye mafundisho, ingawa hayajafika kiwango cha robo ile ya hofu, na mwinjilisti mmoja alicheleweshewa posho miezi miwili. Gharama hiyo ilikuwa halisi, na usharika unaofuata njia hii uipange mapema.

Familia

Mwezi Agosti 2024 mchungaji na wazee wanne walikwenda kijijini. Walikaa kwenye vigoda uani, wakasoma uamuzi wa kufuta azimio, wakaomba radhi kwa mambo matatu kwa kuyataja: kudai fedha msibani, kumnyima marehemu kanisa lake, na kuirudisha fedha bila kufika. Mzee wa mtaa alizungumza na kikundi cha wanawake peke yake. Novemba ilifanyika ibada ya kumbukumbu, na kengele ikagonga. Familia ya yule mtumishi wa mjini nayo ilitembelewa. Walisikiliza, wakashukuru, wakasema watafikiri.

Binti wawili wa marehemu na wajukuu wamerudi. Mwana wa kwanza hakurudi. Alikuja ofisini mwaka 2025 kuomba barua ya uhamisho kwenda kanisa analosali sasa, akiwa amejiandaa kubishana. Katibu aliiandika akiwa amekaa hapohapo mbele yake: amebatizwa, amepata kipaimara, ni msharika mwema, mpokeeni. Hakuulizwa habari ya bahasha. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaomba nakala ya ukurasa wa rejista ya ubatizo wenye jina la mama yake.